Sura ya Sita: Bakora Yenye Upanga Ndani

Mtu apitaye Kashojwa, hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakati wa alasiri, jua likiwa limekwisha kupunguza ukali wake na foleni za bombani hazijaanza kurefuka, huona penye kila kibaraza chenye kivuli fimbo tatu au nne zimeegemezwa ukutani, na akiwa ni mwenye jicho la kutambua, aweza kuwajua wenyewe waliokaa ndani kabla hajawatia machoni. Ile nyembamba iliyonyoka ni ya mfugaji wa Ankole, ambaye huiita enkoni, na jirani zake waliotoka Rwanda na Burundi huiita inkoni. Ile nzito, iliyochongwa kwa panga na kusuguliwa na kiganja miaka mingi hata ikang'aa kama shaba, ni mkongojo wa shaibu wa Kivu. Na ile yenye kichwa kilichopinda kama ndoana ni ya mzee wa Kisomali, naye akiihitaji huagiza aletewe bakoorad yake, neno ambalo mtu wa pwani hulisikia na kulijua mara moja, kwa kuwa bakora yao na bakora yetu zimetekwa katika kisima kimoja cha Kiarabu. Watu waliokimbia nchi mbalimbali, wasiopatana kwa lugha wala kwa chakula, hupatana kwa fimbo.

Katika sura zilizotangulia nimezungumza juu ya vyombo ambavyo mtu hununua kwa haja: taa, jembe, sufuria na godoro. Katika sura hii nataka kuzungumza juu ya chombo ambacho aghalabu hununuliwa kwa tamaa, nacho ni bakora yenye upanga ndani yake, ile ambayo ukiitazama kwa mbali ni fimbo ya mtu mzima kama fimbo nyingine, na ukizungusha kichwa chake na kuvuta, hutoka chuma kirefu chenye ncha. Nimeulizwa na vijana, na hata na watu wa makamo, kama inafaa kuinunua, ni ipi iliyo afadhali miongoni mwa zile za bei nafuu, na hutunzwaje isile kutu. Nami, kwa kuwa niliwahi kuinunua, nikaitunza, na mwisho nikaijutia, nitayajibu yote matatu kwa utaratibu wake; lakini sitamficha msomaji hukumu yangu mpaka mwisho wa sura, maana kuficha ndiko ninakokulaumu. Fimbo ni ahadi ambayo mtu huwapa wenziwe kwamba alichokishika ndicho hicho wanachokiona, na fimbo yenye batini isiyofanana na dhahiri yake huivunja ahadi hiyo mara mbili: kwa anayeitazama, na kwa anayeiegemea.

Asili ya chombo hiki si pwani yetu wala si bara yetu. Muungwana wa Zanzibar au wa Lamu katika karne ya 19, akitoka kwenda barazani, alijifunga jambia lake mbele ya tumbo, mahali ambapo hata mtoto mdogo aliliona, na akiwa ni mtu wa cheo alichukua na upanga wake katika ala yake. Na Waomani hawajaiacha desturi hiyo ya kudhihirisha, kwani jambia na panga mbili zilizopishana zimo katika pembe ya bendera yao hata leo. Khatibu wa Ijumaa naye, ambaye kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi ni suna kwake kuegemea fimbo, au upanga, au upinde wakati wa hotuba, huushika waziwazi mbele ya jamaa nzima, wala hakuna anayeshtuka, kwa sababu kinachoonekana kimekwisha kusema neno lake. Na mwenye bakora nyeupe ya mtobwe, iliyokuwa ikitamaniwa sana katika miji ya pwani, aliishika kwa kuwa ni mtu mzima mwenye heshima zake, na ndani ya mti ule hamkuwa na kitu ila mti.

Ulaya ndiko ambako, katika karne ya 18 na ya 19, mabwana wa mijini walipokuwa wakiacha kuvaa panga viunoni, mafundi waliwatilia bapa jembamba ndani ya fimbo zao za kutembelea, ili aonekane bwana asiye na silaha ilhali anayo. Uhindini kuna silaha ya namna hiyo iitwayo gupti, jina litokalo katika neno la kuficha. Na huko Japani, serikali ilipopiga marufuku mwaka 1876 uvaaji wa panga hadharani, fimbo zenye bapa ndani, ambazo wenyewe huziita shikomizue, zilizidi kutafutwa na watu ambao sheria iliwavua upanga bila ya kuwavua hofu. Nadhani mfano huo wa Japani watufafanulia tabia ya chombo chenyewe popote kilipo: huzaliwa pale ambapo mtu amekwisha kuamrishwa kuweka silaha chini, na moyo wake haujakubali.

Sasa tuitazame yenyewe. Bakora ya namna hii ina sehemu nne: kichwa, ambacho ndicho mpini, bapa lenyewe, ala, ambayo ndiyo fimbo yote ya chini iliyotobolewa kati, na kifungio kinachoshikamanisha mpini na ala, ambacho ama ni hesi za kuzungusha, ama ni kitufe chenye springi, ama ni kubanana tu kwa chuma na mti. Mwenye kuuza kwa bei nafuu sharti apunguze gharama mahali, naye hupunguza kwanza katika bapa, kwani badala ya chuma cha pua kilichotiwa moto na kuzimwa ili kishupae, hutia chuma laini ambacho hung'aa sana mbele ya macho ya mnunuzi, lakini ukikikunja hubaki kimekunjika. Hupunguza pili katika mkia wa bapa, ile sehemu iingiayo ndani ya mpini, ambayo kwa fundi mwaminifu huwa ni chuma kile kile kimoja kilichoendelea, na kwa fundi wa rahisi huwa ni msumari mwembamba uliochomelewa kitakoni. Hupunguza tatu katika kichwa, ambacho humiminwa kwa zinki katika kalibu, kikapewa sura ya simba, au tai, au joka, kikapakwa rangi ya fedha ibambukayo kwa jasho la kiganja. Na hupunguza nne katika ala, ambayo huwa ni bomba jembamba la alumini, au mti laini uliopakwa rangi nyeusi ili mnunuzi audhanie kuwa ni mpingo.

Basi anayeazimia kununua, na asijinunulie mbuzi kwenye gunia, na afanye haya kabla ya kutoa fedha. Aishike bakora ikiwa imefungwa, aisogeze karibu na sikio lake na kuitikisa: ikigonga ndani, bapa halikai vizuri katika ala, na kila hatua litagonga hata lijitoboe njia. Aufute upanga alani polepole, autazame kwa urefu wake kama fundi seremala atazamavyo ubao, aone kama umenyoka. Kisha ashike mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa kitambaa kwa mkono wa pili, ajaribu kuuzungusha, na ukicheza hata kidogo, mkia wake ni wa kuchomelewa na siku zake zinahesabika. Atazame noleo, ile pete ya chuma iliyo penye mdomo wa ala, kama imekaza au imebandikwa kwa gundi. Azihesabu hesi za kifungio, kwani zikiwa mbili au tatu tu hazitashika, na zikiwa za zinki zitalika upesi. Mwisho, na hili ndilo kubwa kupita yote, aifunge tena, aweke kitako chake chini, aegemeze uzito wake wote juu yake kama mtu aliyeteguka mguu, asikilize. Ikilia, airudishe kwa mwenyewe, na adabu ya soko inamtaka amshukuru.

Mimi sikufanya hata moja katika haya. Nilikuwa nimekwenda Mbarara kwa shughuli ya karatasi, na baada ya kuimaliza nilikaa ndani ya gari la kurudi kwa njia ya Isingiro nikingoja lijae, ndipo alipokuja mchuuzi mmoja na mikanda, miwani na soksi begani, na katikati ya mizigo hiyo fimbo moja nyeusi yenye kichwa cha simba. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami methali hiyo nimewafundisha watoto miaka mingi. Lakini aliponiinamia dirishani akasema, "Mzee, hii si fimbo ya kila mtu," akazungusha kichwa kidogo tu, kiasi cha kunionyesha mstari wa chuma uliong'aa katika mdomo wa ala, methali ilinitoka. Nililipa fedha ambayo Kashojwa ingenipa majogoo wawili wa kienyeji, nikaipakata bakora ile njia nzima kama mtoto, na vumbi jekundu likiingia madirishani, nikiona kwamba nimekuwa mtu mwenye siri, na siri hunenepesha kiburi.

Siku ya tatu baada ya kurudi, tulikuwa tumekaa barazani watu sita au saba, na miongoni mwetu alikuwamo jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuja Nakivale na wajukuu wawili, naye alikuwa amekwisha kunywa nusu ya kikombe chake cha chai. Nikakizungusha kichwa cha simba, nikaufuta upanga alani, nikitaraji vicheko na mshangao. Vijana wawili walicheka kweli. Lakini yule mama alikiweka kikombe chini, si kwa kukitupa wala kwa kukigonga, bali kwa utaratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Katika miaka yote ya ujirani wetu hakuwa ameondoka kwangu hata mara moja pasi na kuniaga. Hakuna aliyemwuliza sababu, kwa kuwa katika Kashojwa sababu hizo haziulizwi. Kila mmoja ajua kwamba miongoni mwetu wamo walioona bapa likitoka mahali ambapo halikutarajiwa, mkononi mwa mtu waliyekuwa wakiamkiana naye kila siku. Asubuhi yake alinisalimu kwa mbali, na kwa miezi kadhaa iliyofuata macho yake yalipokuwa yakinijia yalipita kwanza mkononi mwangu.

Lau ningekuwa na busara ningeiacha bakora ile siku ile ile. Nilijidanganya kwamba kosa ni la kuionyesha, si la kuwa nayo, na kwamba nikiitumia kama fimbo tu, hali ya kuifunga daima, itakuwa fimbo. Mvua za masika, ambazo katika nchi hii hunyesha tangu Machi hadi Mei, ndizo zilizonijibu. Njia ya kushukia bondeni ilikuwa imegeuka tope la kuteleza, nami nina goti la kulia lisiloniamini. Nikaukita mwisho wa bakora katika ardhi, nikautupa uzito wangu wote juu ya kichwa cha simba, na hesi zikakatika zote kwa pamoja. Kichwa kilibaki mkononi, ala ikabaki imesimama katika tope, na katikati yao bapa, ambalo halikuwa na nguvu hata ya kunibeba muda wa pumzi moja, lilikunjika mfano wa mundu. Niliposimama, nguo zangu zikiwa nyekundu tangu bega hadi kifundo, niliitazama kwa muda, nikaelewa jambo ambalo fundi yeyote angenieleza bure: fimbo ikitobolewa kati ili kupisha kitu cha siri, hiyo nguvu iliyotolewa ndiyo ile ile iliyokuwa imebeba mtu. Upanga wake haukuwa upanga, na ufimbo wake ulikwisha kuuzwa ili kununua upanga huo.

Nimesema kwamba chombo hiki huzaliwa pale ambapo mtu ameamrishwa kuweka silaha chini, na sisi tulioko Nakivale hatuwezi kulipitia neno hilo kwa haraka. Makazi haya yalifunguliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na tangu hapo, kando ya ziwa hili katika wilaya ya Isingiro, wamepokewa Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila kundi na msiba wake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, husema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, ambalo dola yoyote isilihesabu kuwa ni uadui. Na mkataba huo huo humwajibisha aliyehifadhiwa kuzifuata sheria za nchi iliyompokea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, humwajibisha vivyo hivyo. Na Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, ambayo haimtofautishi mgeni na mwenyeji, huhesabu kuwa ni kosa mtu kutembea na silaha hadharani pasipo sababu ya halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, na silaha yenyewe yaweza kutwaliwa.

Fauka ya hayo, wengi wetu tuna safari mbele yetu, au twaitumaini. Yule atakayeitwa siku moja kupanda ndege kwenda kuhamia ng'ambo asidhani kwamba bakora ya namna hii itapita uwanjani kwa sababu ya mvi za mwenyewe, kwani mashine ya kukagulia mizigo haiheshimu mvi. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1988 uuzaji wa fimbo zenye upanga, isipokuwa zile za kale zilizopita umri wa miaka 100. Na katika jimbo la California, Marekani, hata kuwa nayo tu ni kosa la jinai. Mtu akaokoka vita, akaokoka njia, akangoja miaka kwa subira, kisha akafika katika nchi mpya akamatwe kwa ajili ya kichwa cha simba cha zinki: hiyo ni hasara ambayo hakuna methali inayotosha kuieleza.

Lakini kuna mtu ambaye maneno yangu hayamkanushi, naye ni yule aliyerithi bakora ya namna hii kwa babu yake, au anayeiweka nyumbani kwa ajili ya ufundi wake na ukale wake. Huyo ana amana, na amana hutunzwa. Basi nasaha yangu kwake ni kwamba aitoe katika matembezi, aiweke ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na watoto, na asiunoe upanga wake, maana upanga wa kutazamwa hauhitaji makali. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na wakati wa masika mara nyingi zaidi, autoe alani, aufute kwa kitambaa kikavu cha pamba tangu penye mpini hadi nchani, kwani chumvi ya vidole ndiyo inayoanzisha kutu kabla ya mvua. Kisha aupake mafuta mepesi, kiasi cha kung'aa tu, si kiasi cha kutiririka. Zikiwapo alama za kutu, azisugue kwa msasa laini kabisa uliotiwa mafuta, kwa kufuata urefu wa bapa, wala asisugue kwa mapana, maana mikwaruzo ya mapana haifutiki.

Katika uchaguzi wa mafuta mimi mwenyewe nilipotea. Nilidhani kwamba mafuta ya nazi, ambayo kwa mtu wa Kiswahili ni dawa ya kila kitu tangu nywele hadi mlango, yangefaa na upanga. Lakini nchi hii imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi, nayo mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya digrii 24 hivi. Asubuhi moja nilikuta bapa limeshikwa ndani ya ala kama mshumaa katika kinara, na ilinibidi kuianika bakora juani hata saa tano ndipo likatoka. Samli nayo, ambayo jirani zetu wa Ankole wanayo kwa wingi, huchacha, na siagi yenye chumvi hukila chuma badala ya kukilinda. Yaliyo bora kupita yote ni yale mafuta mepesi ya cherehani, ambayo kila fundi wa nguo pale sokoni Kashojwa anayo katika kichupa chenye mdomo mwembamba, na ukimwomba kwa adabu atakudondoshea matone manne katika kitambaa, na hayo matone manne yanatosha bapa zima.

Ala nayo ina haki yake. Mti ukilowa, usiurudishe upanga ndani siku hiyo, bali uining'inize ala mdomo chini, mahali penye upepo na kivuli, mpaka unyevu wote utoke, kwa kuwa chuma kilichofungiwa na unyevu huliwa kutoka mahali ambapo mwenyewe haoni. Hesi za kifungio zipigwe mswaki mkavu kabla ya kutiwa tone la mafuta, maana vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta huwa ni msasa, na kila kuzungusha ni kupunguza. Kwa nje, nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ikasuguliwa kwa kitambaa mpaka kiganja kione joto, huulinda mti na maji.

Na kwa yule anayetaka fimbo ya kutembelea, mwenye goti kama langu au mgongo uliochoka kwa jembe, na fedha yake ni ndogo, nasema kwamba kwa fedha iliyoniondokea mimi kwa mchuuzi aweza kupata bakora tatu za kweli, na moja aweza kuipata bure. Mti wa mkole ni mzuri, kwani ni mgumu na unanepa bila ya kukatika, na fimbo zake hupendwa na wachungaji. Akate tawi lililonyoka, alifiche kivulini na gamba lake kwa majuma kadhaa, ncha zake mbili zikiwa zimepakwa nta ili zisipasuke kwa kukauka upesi. Likikauka, aliparure, alipashe juu ya makaa pale palipopinda na kulinyosha kwa goti, kisha alisugue. Ajihadhari na mti uliobunguliwa: unga mweupe ukimwagika katika tundu dogo kama la sindano, fimbo hiyo ni ya kuni.

Kipimo chake si siri. Asimame wima amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia bila ya kukazwa, na kichwa cha fimbo kifike penye kifundo cha mkono, hivi kwamba akiishika kiwiko kitapinda kidogo tu. Ndefu kupita hapo humwinua bega, fupi kupita hapo humwinamisha. Aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu kama wafanyavyo watu wengi, na fimbo na mguu mbovu vitoke pamoja. Chini yake apigilie kipande cha tairi kuukuu. Mafundi wale wale wanaochonga ndara ziitwazo lugabire hukata kipande hicho kwa muda wa kupiga soga, na siku kitakapolika hata msumari ukaonekana, akibadilishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa msumari juu ya sakafu ya saruji huteleza kama sabuni.

Vitabu vyetu vya dini, kwa Waislamu na kwa Wakristo, vimeitaja fimbo kwa taadhima, na katika Kurani Nabii Musa alipoulizwa ni nini alichokishika, akataja kwamba ni fimbo yake, huiegemea, na kuwaangushia majani kondoo wake, na anazo haja nyingine nayo. Mimi huona katika jibu hilo adabu kubwa: alitaja matumizi ambayo kila mtu angeweza kuyaona kondeni. Miujiza iliyotokea baadaye ilikuwa ya Mungu, si ya fundi aliyetoboa mti.

Masika yaliyofuata maji yaliikata tena njia ya bondeni, nami nilikuwa nimekaa barazani, fimbo yangu ya mkole ikiwa imeegemezwa ukutani katikati ya fimbo za wenzangu. Jirani yangu akatokea na dumu lake, akaitazama njia, akatuamkia, kisha akasema, "Mzee, niazime fimbo yako nivukie pale, nitairudisha." Nikamwambia achukue. Akaunyosha mkono, akaichagua yangu bila ya kuuliza ni ipi, hakuitikisa wala hakukigusa kichwa chake ila kwa kukishika. Akaikita katika tope, akaiegemea kwa uzito wake wote, akavuka. Jioni aliirudisha ikiwa na tope hadi nusu, akakubali kikombe cha chai na kukimaliza, nami baada ya yeye kuaga nikaifuta fimbo kwa kitambaa, nikairudisha ukutani pamoja na nyingine.